Nungwi kwa chumba cha kawaida: ninavyotafuta gesti iliyo karibu na bahari kweli

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Temeke. Kila mwaka mwanzoni mwa Juni nafunga mashine kwa siku tano, nampitia mdogo wangu Mbagala, tunavuka kwenda Nungwi, kisiwani Unguja. Hatuna ofisi ya kutulipia likizo. Tunatia kidogo kidogo kwenye kibubu tangu Agosti, na kikivunjwa kinatosha nauli ya boti, gari, chumba cha kawaida, kula, na safari moja ya baharini.

Wateja wangu wakiniona nimerudi na ngozi imeungua huniuliza, "Dada, Nungwi unaiwezaje wewe?" Wanaijua Nungwi ya kwenye picha: vitanda vyeupe juu ya mchanga mweupe, bwawa la kuogelea pembeni mwa bahari, harusi za watu maarufu. Hoteli za namna hiyo zipo, na usiku mmoja humo unaweza kumeza mshahara wa mtu wa mwezi mzima. Ila bahari iliyo mbele ya hoteli hizo ndiyo hiyo hiyo tunayoogelea sisi. Kinachotakiwa ni kujua pa kulala, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Sisi pia tulikosea.

Mwaka wetu wa kwanza tulimchukua na mama. Tuliona mtandaoni gesti iliyoandikwa "mita 100 kutoka ufukweni", picha nzuri, bei nafuu. Tukalipa siku zote nne kabla hatujavuka. Tulipofika tukaoneshwa bahari kweli, inaonekana juu ya ukuta, katikati ya mapaa mawili ya makuti. Zile mita 100 zilikuwa za kunguru anayeruka juu ya ukuta. Kati yetu na maji palikuwa na hoteli kubwa yenye ukuta mrefu na walinzi getini, na sisi si wageni wake. Njia yetu ilizunguka ukuta wote, ikapita nyuma ya majenereta, ikapita jaani, ndipo ikatokea mchangani. Dakika 20 kwa miguu, kwenye jua. Mama ana magoti. Kwa siku nne alifika baharini mara mbili tu. Jioni nyingine alikaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki akisikiliza mawimbi ya upande wa pili wa ukuta. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo sisomi mita za mtu. Nauliza kichochoro.

Nikueleze kijiji kilivyokaa, ndipo utanielewa. Nungwi ipo kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya Unguja. Upande wa magharibi ndiko kwenye mchanga mpana na hoteli zilizopangana, na ndiko jua linakozama. Ukifuata ufuko kuelekea kaskazini unakuta wavuvi, soko lao la samaki, na mafundi wa majahazi. Ukizunguka zaidi unafika Mnarani, kwenye mnara wa taa, na baada ya hapo ufuko unageukia mashariki. Nyuma ya hoteli zote hizo kuna kijiji chenyewe: nyumba za mawe na matofali, madrasa, misikiti, maduka ya mangi na ya wenyeji, mbuzi, watoto. Hoteli zinazoitazama bahari naziita safu ya kwanza. Nyuma yake kuna gesti za vyumba sita, kumi, kumi na mbili, nyingi za wenyeji. Hiyo ndiyo safu ya pili, na ndiyo tunayoitafuta. Kati ya hoteli na hoteli kuna vichochoro ambavyo wavuvi hupita na nyavu na kina mama hupita na ndoo. Gesti ya safu ya pili iliyo kwenye mdomo wa kichochoro ina thamani kuliko chumba kikubwa chenye runinga kilicho mbali nacho.

Kwa hiyo nikipata jina la gesti mtandaoni, kwanza naifungua kwenye ramani ya simu, ile ya picha za kutoka angani. Naivuta karibu mpaka nione kama kuna njia nyeupe kati ya kuta inayofika mchangani. Kisha natafuta namba ya simu ya gesti yenyewe na kuwaandikia WhatsApp. Ujumbe wangu haubadiliki sana, nakuwekea hapa:

"Assalaam aleykum. Tunatoka Dar, wanawake wawili, tunakuja tarehe 5 hadi 9 Juni. Tunaomba chumba cha vitanda viwili, selfu, cha feni. Naomba bei ya mkaazi kwa shilingi, pamoja na chai ya asubuhi na ushuru wote wa kila usiku. Na samahani kwa usumbufu, naomba unirekodie video: uanzie mlangoni kwa chumba, utoke getini, utembee mpaka mguu uguse maji, bila kukata."

Video hiyo ndiyo mtihani. Mwenye gesti iliyo karibu hana shida, atairekodi huku akitembea na kandambili zake, na mara nyingi ataongea njiani akuoneshe duka na msikiti. Mwenye gesti iliyo mbali atakutumia picha sita nzuri za machweo. Ukipokea picha badala ya video, mshukuru na uendelee kutafuta. Ile tunayokaa sasa, video yake ilikuwa ya dakika mbili na nusu. Geti, kulia, ukuta wa matumbawe wenye kanga zimeanikwa, mti wa mkungu, kushoto, mchanga. Mama tulipomrudisha Nungwi mwaka wa pili alihesabu hatua zake mwenyewe: 212.

Isikilize video, usiitazame tu. Utasikia kama kuna jenereta, kama kuna baa, kama kuna ujenzi. Adhana na jogoo utavisikia popote Nungwi, na mimi sivihesabu kuwa kelele. Muziki wa baa hadi saa nane usiku ni jambo jingine. Kama unataka huo muziki basi ni vizuri kuujua pia, hasa upande wa Kendwa, kijiji cha jirani, ambako kuna sherehe kubwa za usiku wa mwezi mpevu na vyumba vya jirani hujaa.

Kuhusu bei. Gesti nyingi zina bei mbili, ya wageni na ya wakaazi, na ya wakaazi hutajiwi usipoiomba. Iombe kwa upole, kwa Kiswahili, kabla hujaitajiwa ile nyingine. Mwaka jana tulilipa 90,000 kwa usiku, watu wawili, na chai. Mwenye gesti alianza na 120,000. Tulikubaliana baada ya kumwambia tutakaa usiku nne na si wikendi. Uliza waziwazi kama ushuru wa kila usiku umo ndani ya bei, maana nimeshaona watu wakibishana mapokezi siku ya kuondoka, mabegi yapo mlangoni na boti inawasubiri. Amana usitume zaidi ya usiku mmoja, na hakikisha jina linalotokea kwenye simu unapotuma pesa ni la mtu uliyeongea naye. Kilichobaki lipa ukiwa umekiona chumba.

Julai na Agosti, na wiki ya mwisho wa Disemba, usitegemee kupunguziwa. Aprili na Mei bei hushuka sana lakini ni masika, mvua inaweza kukufungia ndani siku tatu. Mwanzo wa Juni mvua imepungua, kusi imeanza kuvuma, usiku kuna baridi kidogo ya kujifunika shuka, na bei za Julai bado hazijapanda. Ndiyo maana tumeing'ang'ania Juni.

Tarehe zenyewe, hapa nawaomba mnisikilize. Mimi kwetu asili ni Tanga, nimelelewa na babu mvuvi, na siwezi kupanga safari ya baharini bila kutazama mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa Unguja hupita mita tatu. Siku za bamvua bahari hujaa kama saa kumi alasiri na hupwa kama saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa nusu, tarehe saba na ishirini na mbili za mwezi mwandamo hivi, ni maji mafu: bahari haiendi mbali wala haiji kwa nguvu, na maji hujaa kwenye saa nne asubuhi. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inakutosha kwa hesabu hii.

Faida yake ni kubwa. Ukienda Paje au Jambiani, upande wa mashariki, siku ya bamvua saa nne asubuhi utaikuta bahari imekimbia, unatembea kwenye tope la mchanga kati ya kamba za mwani, huogelei. Nungwi upande wa magharibi maji hayaendi mbali, unaogelea kutwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya bei za pale kuwa juu. Lakini hata Nungwi, ukichukua gesti upande wa mashariki baada ya mnara, mambo yanabadilika: maji yakipwa miamba inabaki wazi. Sasa mtu akikwambia "hii gesti ni Nungwi, ina ufuko wake, bei nusu", muulize ipo upande gani wa mnara. Ukiwa na watoto au mtu asiyejua kuogelea, chagua siku za maji mafu. Ukipenda kutembea, chagua bamvua: asubuhi maji yamekupwa unatoka Nungwi kwa miguu mchangani mpaka Kendwa, kama kilomita tatu hivi, unapita chini ya mapango madogo ya matumbawe. Hakikisha umegeuka mapema. Mchana maji yanapojaa yanagonga miamba na njia inapotea, na kurudi itabidi uzungukie barabarani.

Safari yenyewe nitaipitia haraka. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar inachukua karibu saa mbili. Beba kitambulisho, bila hicho tiketi inakuwa shida. Ndugu wa Kenya na wengine wasio raia, tazameni masharti ya bima ya wageni ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024 kabla hamjaondoka nyumbani. Ukishuka Malindi, bandari ya mjini Unguja, toa pesa mjini kabisa. Kisha ulizia gari za Nungwi, namba 116. Inapita Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, karibu kilomita 60, na kwa kusimama kwake inaweza kuchukua saa mbili. Kuna baridi ya upepo, harufu ya karafuu za mtu kwenye gunia, na kina bibi watakaokupakatisha mtoto. Teksi ni haraka zaidi na ina raha yake kama una mzee au mizigo. Patana bei kabla mlango haujafungwa.

Ukifika, usikabidhi pesa kwanza. Omba kukiona chumba, na usione haya, hata mwenye nyumba anakuheshimu zaidi. Fungua bomba uone maji yanatoka kwa nguvu gani, vuta choo, washa feni spidi zote, funga na kufungua komeo la dirisha, chomeka chaja kwenye soketi. Inua godoro unuse. Maji ya bomba Nungwi mara nyingi yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu vizuri. Hilo si kosa la gesti, ni la ardhi yenyewe. Nunua dumu la maji ya kunywa dukani, utaokoa pesa nyingi kuliko kununua chupa ndogo ufukweni. Umeme ukikatika, uliza jenereta au sola inawashwa saa ngapi. Wenyeji hawajasahau kisiwa kilivyokaa gizani miezi mitatu tangu Disemba 2009 baada ya umeme wa kutoka bara kukatika, na ndiyo maana hata gesti ndogo utaikuta na taa ya akiba.

Halafu chandarua. Kitandaze chote, ukitazame kwenye mwanga wa dirisha. Mimi kwa kazi yangu natembea na sindano na uzi popote. Ile gesti ya mti wa mkungu, siku ya kwanza nilikuta chandarua kina tundu la ukubwa wa sarafu karibu na mto. Nikakaa kitandani nikakishona, nikakunja ukingo kwa ndani usifumuke. Mama mwenye gesti aliingia kuleta taulo akaniona. Alisimama kidogo, akasema, "Mwanangu, unashona kama kazi yako." Nikamwambia ndiyo kazi yangu. Jioni akaleta vingine vitano, na chai ya tangawizi, tukakaa barazani mimi nashona na yeye anakuna nazi. Kesho yake mchana akatupikia pweza wa nazi ambaye sijapata kumla tena mahali popote. Tangu hapo tunaandikiana kila Idi, na chumba chetu cha Juni sisumbuki nacho. Gesti kubwa haikupi hilo, mtu wa mapokezi ni mwingine kila ukija.

Kula. Chai ya gesti kawaida ni mkate, yai, tunda na chai. Ni sawa, lakini angalau asubuhi moja amka mapema uingie kijijini. Utawakuta kina mama barazani na karai za vitumbua na mandazi, kuna chapati, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga. Watu wawili mnashiba kwa pesa ambayo ufukweni hainunui juisi. Mchana kuna migahawa ya ndani yenye wali na mchuzi wa samaki. Ukisikia Mzanzibari anaiita hoteli usidhani anakupeleka kwenye vitanda. Samaki mwenyewe unaweza kumnunua sokoni pale ufukweni boti zinaporudi. Mpe mama wa gesti, mkubaliane malipo ya kupika. Tulifanya hivyo na changu wawili na wakatutosha watu wanne. Mwezi wa Ramadhani ni tofauti: mchana kijijini hukuti chakula, na hata kama hufungi usile wala usinywe maji njiani. Futari ya jioni, ukibahatika kukaribishwa, nenda.

Mavazi nayo, hasa kwa sisi wa bara tunaodhani tupo nyumbani. Mchangani vaa chako cha kuogelea. Ukishaingia kichochoroni umeingia kwenye kijiji cha watu, mabega na magoti yafunikwe. Mimi natembea na kanga doti moja: kipande kimoja kiunoni, kingine mabegani, na nikifika mchangani ndicho cha kulalia. Salimia watu. Wazee wape shikamoo, wenye maduka "Sabalkheri". Kichochoro chako utakipita mara nane kwa siku, na watu wa hapo wakishakujua watakuambia mengi: leo kuna upepo usiende, huyo msafirishaji mwachie, jioni usipite huku taa hazipo.

Ufukweni watakujia vijana wanaouza safari za baharini. Watu wanawaita mapapasi, kama wale wadudu wanaonyonya damu, jina ambalo mimi silipendi, maana ni vijana wanaotafuta riziki, na baadhi wanaijua bahari kuliko hao wenye ofisi. Nawajibu, "Asante kaka, leo tunapumzika," natabasamu, naendelea. Siku tukitaka kwenda kutazama samaki na matumbawe kwenye kisiwa cha Mnemba, naomba kwanza kuiona boti, naomba kuona majaketi ya kuokolea na kuyahesabu, nauliza kama chakula na ada za kuingia vimo ndani ya bei. Nalipa nusu kabla, nusu tukirudi. Saa ya kuondoka iendane na maji, na hapo hesabu ya mwezi inakusaidia tena.

Kuhusu hizo hoteli kubwa za jirani. Usiziogope na usizichukie. Vitanda na miavuli ni mali yao, usikalie bila ruhusa. Mchanga wenye maji, pale mawimbi yanapofika, ndiyo njia ya wavuvi na ya kila mtu. Mwaka mmoja mlinzi alitusimamisha, akatuambia tusogee. Nilimsalimia, nikamuuliza anatoka wapi, kumbe ni wa Handeni, jirani wa kwetu. Tukasogea hatua tano kwenye mchanga mbichi, akaendelea na kazi yake na sisi na matembezi yetu. Jioni moja kati ya nne huwa tunaingia kwenye mgahawa wa hoteli kama hiyo, tumevaa vizuri, nguo nilizoshona mwenyewe, tunaagiza juisi moja moja ya embe, tunakaa saa nzima na nusu. Tunaangalia jua linavyozama baharini na majahazi yenye tanga yakikatiza mbele yake. Tazama bei kwenye menyu kabla hujaketi. Ni ghali kwa juisi, ila kwa kiti kile na wakati ule mimi nailipa kwa moyo mweupe.

Kitu kizuri kuliko vyote Nungwi hakina tiketi. Nenda asubuhi kwa mafundi wa majahazi, kwenye mchanga kaskazini mwa hoteli. Omba ruhusa kwanza, hasa ya picha, na ukipewa toa chochote. Kaa kivulini utazame. Kuna fundi anachonga ubao kwa tezo, vipande vinaruka vyembamba kama ganda la kitunguu. Kuna anayetoboa kwa keekee, anavuta upinde mbele na nyuma na ile ncha inazama kwenye mbao bila umeme wowote. Kinachonishika mimi ni kalafati. Fundi anasokota pamba iliyolowa mafuta iwe uzi mnene, anaulaza kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, kisha anausukuma ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti, kidogo, kidogo, urefu wote wa chombo. Sauti yake ni kavu na ya mpigo mmoja, unaisikia mpaka kwenye gesti. Nilimuuliza mzee mmoja anajuaje imetosha. Akaniambia sauti inabadilika, mwanya ukijaa nyundo inalia juu zaidi. Nikakaa nikasikiliza mpaka na mimi nikaisikia.

Mnarani kuna bwawa la kasa, bwawa la asili kwenye matumbawe ambalo maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari. Wanakijiji walilianzisha 1993 kuwatunza kasa wanaonaswa nyavuni. Nenda, lipa kiingilio, uliza maswali. Usiingie majini na mafuta ya kujikinga na jua mwilini, na kasa usimshike.

Tahadhari mbili tatu, kisha nimalize. Vaa yeboyebo unapoingia majini penye mawe, kuna nungu wa baharini, wale weusi wenye miiba mirefu, ukimkanyaga safari yako imeishia hapo. Simu na pesa zisibaki mchangani wote mkiwa majini. Sisi tunapokezana, mmoja anaogelea, mmoja anakaa na kanga. Usiku rudi kwa njia yenye watu hata kama ni ndefu. Na wanandoa, bebeni nakala ya cheti cha ndoa. Gesti nyingine za wenyeji huwa wanauliza, na ni haki yao kwenye nyumba yao.

Siku ya kuondoka usipange boti ya mapema sana. Gari ya 116 inajaza abiria kabla haijatoka, na ikisimama Kinyasini kupakia ndizi utatamani kushuka ukimbie. Sisi tunachukua boti ya alasiri, tunatoka Nungwi saa tatu asubuhi. Hiyo inatuachia alfajiri yote. Tunafunga mabegi usiku, nguo mbichi kwenye mfuko wa nailoni peke yake, tunalipa kilichobaki kabla ya kulala ili asubuhi tusimsumbue mtu. Saa kumi na mbili, mwaka tukiwa na mama yetu, tunamshika mkono mmoja mmoja, tunatoka getini, kulia, ukuta wa matumbawe, mti wa mkungu, kushoto. Maji saa hiyo ni ya vuguvugu kuliko hewa. Anaingia mpaka magotini, anasimama hapo na kanga yake ameikunja mkononi, na sisi tunasubiri nyuma yake mpaka aseme twende.